Hatua Kumi za Uzi

Mwanamke anayeitwa Bi Soksi hajawahi kushona soksi ya mguu hata moja, na ukimpelekea yako iliyotoboka kidole gumba atakurudishia pamoja na maneno ya kwenda nayo nyumbani. Soksi zake ni za turubai, ndefu kuliko mlango, zina matundu ubavuni kama filimbi, na upana wake unaweza kummeza mtu mzima na mkoba wake. Zinavaliwa na maboya. Boya huelea juu, soksi huning'inia chini yake, maji huijaza, na kuanzia hapo upepo hauna tena la kusema: boya huenda yanakokwenda maji. Kichwani boya lina kidude kinachotuma taarifa kwa setilaiti kila nusu saa, nipo hapa, sasa nipo hapa, sasa nimesogea kidogo, kama mume mwenye wasiwasi aliyesafiri peke yake.

Kiwanda cha soksi hizo ni chumba kimoja nyuma ya Taasisi ya Bahari, kati ya stoo ya rangi na choo cha wageni wa heshima, ambacho hakijafunguliwa siku nyingi kwa kuwa ufunguo aliondoka nao mtu aliyestaafu. Chumbani mna cherehani nyeusi ya kukanyaga, inayopita mikunjo minne ya turubai bila kuguna, meza ndefu iliyoliwa kingo na mikasi, na kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa kitambaa mara nyingi hadi unafanana na mgonjwa. Bi Soksi yumo humo mwaka wa tisa sasa. Aliitwa kwa wiki mbili tu, kushona mapazia ya ukumbi wa mikutano. Siku ya nne mtu wa vifaa aliingia na karatasi yenye mchoro, akamuuliza kama anaweza kushona kitu kama hiki, ila kikubwa. Akaweza. Mapazia akayaacha mezani, watu wengine wakayatundika, na hakuna aliyemwita ukumbini tena. Mwezi mzima wa kwanza aliamini anashona suruali za mtu mwenye mguu mmoja, na alimhurumia sana huyo mtu.

Kabla ya hapo alikuwa ameshona kila kinachoingia sindano: sare za shule, viti vya magari, mahema ya shughuli, hata koti la mbwa wa mganga wa meno, ambaye alimng'ata wakati wa kupima kifua. Mbwa, siyo mganga. Ufundi alifundishwa na shangazi yake, mama mfupi mwenye sauti ya chini aliyeshona suti za kiume barazani kwake, na ni kwa shangazi huyo alikopata mkasi mdogo anaouvaa shingoni kwa utepe. Wageni wa Taasisi hudhani ni urembo. Ni adhabu.

Ilikuwa hivi. Katika ushonaji kuna kitu kinaitwa bandi. Ni mshono wa muda: fundi hushikiza kitambaa kwa uzi wa hatua ndefu ndefu, mradi kisicheze, halafu anapita na cherehani, na kazi ikiisha bandi hutolewa. Anayeitoa ni yule wa mwisho kuishika nguo, anayepiga pasi na kukabidhi. Hili halijaandikwa popote, kwa sababu kila fundi analijua kama anavyojua kuvua kiatu kabla ya soksi. Bi Soksi, akiwa na miaka kumi na saba na mawazo mengine kichwani, alikabidhi suti ya bwana harusi ikiwa na bandi zake zote. Bwana harusi akapita katikati ya wageni mia mbili akiwa na mistari myeupe mabegani kama barabara mpya. Picha zipo. Shangazi hakumpiga wala hakumfokea. Alimvalisha mkasi shingoni, akamwambia, "Ukiinama utakugonga kifuani. Ukikugonga, ukumbuke." Miaka thelathini na moja imepita, unamgonga kila akiinama, na tangu siku hiyo hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake na bandi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiamini.

Mlango wa tatu kutoka chumba chake kulikuwa na kibao: Kitengo cha Nadharia ya Mifumo Inayobadilika na Usafirishaji wa Maji ya Bahari. Kibao kilikuwa kirefu kuliko kitengo, maana kitengo kilikuwa na mtu mmoja, binti mwembamba aliyeitwa na wote Daktari, ambaye alikula biskuti juu ya kompyuta hadi herufi nyingine zikawa hazibonyezeki. Daktari aliisoma bahari kwa hesabu. Kwa tumbo hakuiweza kabisa. Aliwahi kutapika kwenye boti iliyokuwa bado imefungwa gatini.

Kwa siku nyingi Bi Soksi alishona soksi za Daktari bila kuelewa Daktari anatafuta nini huko majini. Aliuliza mara mbili, na mara zote mbili akachorewa kitu ubaoni chenye alama za Kigiriki, akasema "ahaa" na kurudi kwenye cherehani. Siku alipoelewa hakuwa ofisini. Alikuwa nyumbani kwake, siku ya Jumamosi, na aliyemwelewesha ni wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mumewe, ni msusi. Mume ni dereva wa lori la masafa anayerudi mara mbili kwa mwezi kulala na kubadilisha nguo, kwa hiyo nyumba wanaiendesha wanawake wawili, na chumba cha mbele kimegeuzwa saluni: vioo viwili, kochi la wanaosubiri, na ndoo ya nywele bandia ambazo zimewahi kumtia mgeni kiwewe. Daktari alikuja kusuka. Aliketi kwenye kigoda kati ya magoti ya Wifi, na Bi Soksi, aliyekuwa akimenya viazi, akamuuliza kwa mara ya tatu.

"Natawanya nukta maelfu kwenye ramani ya mikondo, ndani ya kompyuta," Daktari alisema. "Kila nukta ni tone la maji. Naziacha zisafiri siku tatu, halafu nauliza: nani alikuwa jirani wa nani, na sasa wako mbali kiasi gani? Karibu kote majirani wanabaki majirani. Lakini kuna mahali ukiweka matone mawili pua kwa pua, siku ya tatu moja liko ufukweni na jingine limeshasahau kama kuna nchi kavu. Nikiunganisha mahali pote pa namna hiyo, napata mstari. Maji hayauvuki. Ni ukuta."

"Na ukuta wenyewe unaonekana?"

"Hauonekani, Mama. Boti inapita juu yake watu wanapiga miayo."

"Tulia shingo," alisema Wifi. Chanuo lilikuwa limesimama hewani. "Sasa hapo kigumu ni nini? Hiyo ni njia ya nywele." Akaburuta ncha ya chanuo toka paji la uso la Daktari hadi kisogoni. "Unywele huu na huu wameota jirani, hata chawa hapiti katikati yao. Huyu kalalia sikio la kulia, huyu la kushoto, na hawatakutana mpaka unyoe. Hapo katikati hakuna kitu kilichowekwa. Ni pale tu wanapoachana."

Daktari alijaribu kugeuza kichwa. "Dada, hilo mimi limenichukua miaka sita."

"Miaka sita bila chanuo. Inaonekana."

Basi, huo mstari wa Daktari ungebaki kuwa jambo la yeye na kompyuta yake kama jiji lisingeamua kulaza bomba jipya la maji machafu. Wahandisi walitaka bomba liishie karibu na mwamba, maana ni njia fupi. Daktari akasema mwamba uko upande mbaya wa mstari: kila kitakachotoka pale kitarudi kwenye ufukwe wa kuogelea kabla hakijapoa. Likipelekwa mbele kidogo tu, kupita mstari, kitachukuliwa na bahari kuu. Wahandisi wakauliza mstari gani. Akawaonyesha. Wakaangalia bahari, wakaangalia karatasi, wakamwangalia yeye.

Mkurugenzi wa Taasisi, mtu mwema anayelipenda neno "mustakabali" kiasi cha kulitumia hata akiagiza chai, akatoa uamuzi wake. Kufanyike jaribio moja. Jozi kumi na mbili za maboya ziwekwe juu ya huo mstari, boya moja huku, la pili kule. Zikiachana, bomba litasogezwa. Zisipoachana, bomba litabaki kwenye mwamba na kitengo kitafungwa. Majibu yatolewe Ijumaa mbele ya wahandisi. Kibao cha mlangoni, alisema, kinaweza kugeuzwa upande wa pili na kuandikwa kitu kingine kwa mustakabali wa Taasisi.

Bi Soksi alishona soksi ishirini na nne kwa wiki tatu. Daktari alikuja chumbani mwake mara moja, akiwa na biskuti, kumpa sharti moja tu. "Mama, kila jozi iingie majini ikiwa na hatua kumi katikati. Zikiwa karibu mno zitagongana, zikiwa mbali watasema nimewatenganisha mwenyewe. Hatua kumi."

"Hatua za nani?"

Daktari hakuwa amelifikiria hilo. Lakini Bi Soksi alimfahamu Nahodha wa boti ya Taasisi, mtu mrefu mwenye miguu kama ngazi, ambaye hatua zake kumi zingefika wilaya ya pili. Isitoshe, mtu anapigaje hatua kumi juu ya maji? Kwa hiyo alifanya ambalo fundi yeyote angefanya. Alimtembeza Daktari kwenye korido, akapima hatua zake kumi kwa uzi, na kwa uzi huo akazishikiza soksi mbili mbili, pindo la juu kwa pindo la juu, pale soksi inapofungwa kwenye boya. Hakutumia uzi wake wa bandi, wa pamba, ambao ungekatika baharia akipiga chafya. Alichukua ule mweusi wa Wifi wa kushonea nywele, unaoweza kumtoa mwanamke kwenye mazungumzo matamu. Jozi zikawa tayari, zimepimwa, hazipotezani. Kilichobaki ni kutupa boya moja, kusogea mpaka uzi ukaze, kutupa la pili, na kukata.

Jumatatu asubuhi alizifikisha gatini kwa mkokoteni. "Kipimo kimo humo humo," alimwambia Nahodha. "Na huo uzi, si unaujua mwenyewe."

"Naujua," alisema Nahodha, kama wanaume wasemavyo.

Boti ikaondoka. Daktari alibaki nchi kavu na kompyuta yake, Bi Soksi akarudi kwenye cherehani yake.

Jumanne jozi zote zilikuwa bado jozi. Jumatano asubuhi pia. Mkurugenzi alipita koridoni na kikombe cha chai, akachungulia mlangoni kwa Daktari, akasema, "Naona mapacha wako wanapendana." Alikuwa ameitunga tangu usiku, ilionekana.

Mchana wa Jumatano Daktari alikuja chumba cha soksi, akakaa juu ya rundo la turubai. Macho yalikuwa mekundu na hakuwa na biskuti.

"Hawaachani, Mama. Siku mbili na nusu. Kwa hesabu zangu saa tatu zilitosha. Jozi moja imenasa kwenye boya la bandari, hiyo naisamehe. Lakini kumi na moja zipo pamoja, tena zimezubaa, hata kusafiri hazisafiri. Nimerudia hesabu mara nne." Akapangusa pua. "Kinachoniudhi ni namna wanavyonidhihaki. Laiti wangekaribiana, laiti wangesogea kidogo. Hapana. Hatua kumi, hatua kumi, hatua kumi. Kama wameapishwa."

Mguu wa Bi Soksi ukasimama kwenye kanyagio. Cherehani ikamalizia mishono miwili yenyewe, ikanyamaza.

"Kumi?" aliuliza.

"Kumi. Hazizidi, hazipungui."

Akamwambia Daktari akanawe uso, akashuka gatini kwa mwendo ambao hajautumia tangu watoto wake wawe wakubwa. Nahodha alikuwa ameketi juu ya kreti akipaka grisi kitu.

"Kaka, ule uzi uliukata?"

"Uzi upi?"

"Uzi uliounganisha soksi na soksi."

Nahodha aliweka grisi chini. "Bi mkubwa, mimi nimefanya kazi na wasomi miaka ishirini. Mwaka juzi nilitoa mkanda mwekundu kwenye chombo chao kimoja, nikadhani ni takataka ya dukani, wakanikalisha kikao cha siku nzima. Toka hapo nikiona uzi kwenye kitu chao, sigusi. Nikajua ni sayansi."

"Ulisema unaujua."

"Nilisema. Ulikuwa unaniangalia vibaya."

Bi Soksi alirudi akipanda ngazi polepole, na mkasi ukimgonga kifuani kila ngazi, kwa haki kabisa. Amekabidhi kazi na bandi. Safari hii hakuwa bwana harusi mmoja. Ilikuwa bahari nzima, na setilaiti inaangalia.

Alijifungia chooni, kile cha watu wa kawaida, akampigia Wifi.

"Nani mwingine anajua?" Wifi aliuliza.

"Nahodha, ila hajajua kama anajua."

"Basi nyamaza. Hayo maboya si yatapotea mwishowe? Nani atakwenda kukagua, samaki?" Kukasikika mtu anaambiwa atulie shingo. Kisha sauti ikashuka. "Ila, wifi, yule mtoto nywele zile nimemsuka mimi. Akifukuzwa na kichwa kizuri vile, halafu kosa ni uzi wangu, sitalala."

"Nikisema watanicheka. Fundi wa miaka thelathini na moja."

"Mimi nishakucheka. Umekufa?"

Hakuwa amekufa. Akaenda moja kwa moja mlango wa tatu, akaingia bila kubisha, akasema akiwa amesimama, maana alijua akikaa atazunguka. "Daktari, hesabu zako hazina kosa. Soksi zimefungwa pamoja. Ni bandi yangu. Nilidhani itakatwa, haikukatwa. Ukitaka kunifokea, anza."

Daktari alimtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na Bi Soksi akadhani analia, kumbe ni kicheko, kile cha mtu ambaye hajala tangu jana. Kikamwisha ghafla. Akageukia kompyuta.

"Zimefungwa," alisema. "Kwa hiyo upande huu maji yanavuta kwenda ufukweni, upande huu yanavuta kwenda nje, na uzi umekataa. Kwa hiyo zimekaa..."

"Kama suruali kwenye kamba ya nguo," alisema Bi Soksi. "Mguu mmoja huku, mmoja kule. Haiangukii popote."

Daktari akaivuta kompyuta karibu. Siku mbili na nusu alikuwa akiangalia kitu kimoja tu, umbali kati ya boya na boya, na hakuwahi kuuliza jozi zenyewe ziko wapi. Sasa akazichora zote kumi na moja juu ya ramani, na juu yake akautandaza mstari wake wa saa hiyo. Mraba kwa mraba, jozi zilikuwa zimelala juu ya mstari. Akarudi saa sita nyuma: mstari ulikuwa umejipinda kidogo kufuata maji kupwa, na jozi zilikuwa zimejipinda nao. Kwa mara ya kwanza tangu bahari iwe bahari, kuna mtu alikuwa ameuanika ule ukuta juani, na alikuwa amesimama pale mlangoni na mkasi shingoni, akisubiri kufokewa.

"Mama," alisema Daktari, "hiyo kamba ya nguo umeipigilia misumari."

Lakini Mkurugenzi hakuwa mtu wa misumari. Aliposikia neno "uzi" alivua miwani, aliposikia "nywele" akaivaa tena. Alisema wahandisi waliahidiwa maboya yatakayoachana, na haya hayajaachana. Alisema kwa mustakabali wa heshima ya Taasisi ni vyema jambo la uzi lisitoke nje ya chumba.

"Bwana Mkurugenzi," alisema Bi Soksi, "bandi kama ni aibu, ni yangu, na nimeshaivua hadharani. Kesho boti ipo. Twende nikaikate, uangalie mwenyewe kama wataachana au hawaachani. Wasipoachana, geuza kibao. Na mimi nitakurudishia ufunguo wa chumba, huo bado upo, si kama ule wa choo."

Ile ya ufunguo ilimgusa. Akakubali.

Alhamisi saa nne walikuwa baharini watu wanne. Nahodha alikuwa kwenye usukani, akijitahidi asimtazame mtu usoni. Mkurugenzi alikuwa wima na viatu vya ngozi, akiloa kuanzia chini kwa utulivu wa kiongozi. Daktari alikumbatia ndoo ya plastiki na hakuinua kichwa ila kusoma kompyuta. Bi Soksi, ambaye kwa miaka tisa ameishonea bahari nguo bila kuwahi kupanda chombo, aligundua kwamba tumbo lake halina habari kabisa, akaomba chai.

Jozi ya kwanza waliikuta mahali pale pale kompyuta iliposema. Maboya mawili ya rangi ya chungwa, na katikati yao uzi mweusi umekazika sawasawa, unatokeza kila wimbi likishuka, unatetema kama uzi wa gitaa, unadondosha matone. Pande zote mbili maji yalikuwa ya rangi moja, mawimbi yale yale. Hakukuwa na alama yoyote. Mkurugenzi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, uso wake ukawa wa mtu aliyeletwa kuonyeshwa kiwanja kisicho na bikoni za mipaka.

Nahodha akasogeza boti taratibu. Bi Soksi alipiga magoti ubavuni, akainama, mkasi ukamgonga kifuani. Akauvua shingoni kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, akanyoosha mkono, akakata.

Hakuna kilichotokea.

"Naona," alisema Mkurugenzi.

"Subiri," ilisema ndoo.

Wakasubiri. Bi Soksi akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa. Alipofika nusu, hatua kumi zilikuwa zimekuwa ishirini. Nahodha aliona kabla ya wengine, akazima injini ili asije akalaumiwa kwamba ni yeye. Kifuniko cha pili cha chai, zilikuwa sitini, na mtu angehitaji kugeuza shingo ili ayaone yote mawili. Kadiri yalivyoachana ndivyo yalivyozidi kuharakisha, kama ndugu waliogombana wanaotafuta kila mmoja mlango wake. Kabla ya saa kwisha, boya moja lilikuwa nukta upande wa ufukwe, jingine ni nukta upande wa dunia nzima, na boti iko katikati juu ya maji matupu.

Mkurugenzi alikuwa ameshika reli kwa mikono miwili. Hakusema mustakabali. Alisema, kwa sauti ya mtu wa kawaida kabisa, "Na sisi tumesimama juu yake?"

"Miayo ipo, ukitaka," alisema Bi Soksi.

"Kata nyingine," alisema Mkurugenzi.

Wakakata zote kumi na moja. Ya mwisho Mkurugenzi aliomba akate yeye, akaukosa uzi mara mbili, akadai mkasi ni butu. Nahodha aliitazama bahari kwa heshima kubwa ili asicheke.

Ijumaa, Bi Soksi aliitwa ukumbi wa mikutano kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya nne, miaka tisa nyuma. Walimkalisha dirishani, kiti chenye miguu minne mizima. Daktari alisimama mbele na njia ya nywele iliyonyooka kama rula, akaonyesha jozi zikiwa zimeanikwa, kisha zikiwa zimekatwa, kisha mikia ishirini na miwili ya safari zao, nusu ikiingia ufukweni, nusu ikipotelea nje. Mhandisi mkubwa aliuliza huo utaratibu wa kufunga kwanza halafu kukata unaitwaje kitaalamu. Daktari alimwangalia Bi Soksi.

"Bandi," alijibu Bi Soksi.

Mhandisi akaliandika. Akaomba tahajia.

Baada ya hapo wahandisi wakawa wanabishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu urefu wa bomba, jambo lililoonyesha kwamba la mstari limekwisha, na Mkurugenzi akainuka kutoa neno la kufunga, ambalo kwa kawaida huchukua muda wa kuchemsha maharage. Bi Soksi akageuka kutafuta hewa, akalishika pazia alisogeze, na mkono wake ukagusa kitu pindoni. Akainama kuangalia. Mkasi ukamgonga.

Pindo lote, toka dirisha la kwanza hadi la sita, lilikuwa na uzi mweupe wa hatua ndefu ndefu. Miaka tisa. Mawaziri wamepita humu. Wamepigwa picha mbele yake.

Alitazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Mkurugenzi ndiyo kwanza alikuwa amefika kwenye neno lake alipendalo. Bi Soksi akasogeza kiti taratibu karibu na ukuta, akafungua mkasi, na wakati hotuba ikiendelea akaanza kuitoa bandi, mshono mmoja mmoja, akiviringisha uzi kwenye kidole chake ili usidondoke sakafuni. Hotuba ilipoisha alikuwa amefika dirisha la nne. Aliomba sana kuwe na maswali.